Usifiche sinia la mama kwa sababu halifanani na vitasa

Tulipohamia nyumba yetu nilijiapiza kwamba kila chuma kitakachoonekana sebuleni kitakuwa cha rangi ya fedha. Vitasa, bomba la pazia, miguu ya meza, hata fremu ya kioo. Mama akaniletea kutoka Pangani sinia lake la shaba na dele la kahawa. Nilishukuru, nikavifunga kwenye kiroba, nikaviweka stoo. Vilikuwa vya njano, na mimi nilikuwa kwenye fedha.

Miezi minne baadaye mama akaja kututembelea. Alikaa siku mbili bila kusema kitu. Siku ya tatu akaniuliza taratibu, "Vile vyombo vyangu, mwanangu, viliharibika njiani?" Nikamwambia viko stoo, havijapata mahali pa kukaa. Akajibu, "Haya." Wenye mama wa pwani mnaijua "haya" ya namna hiyo.

Nilitaka kurekebisha, nikaenda upande wa pili kabisa. Nikamwita fundi, nikamwambia abadilishe vitasa sita na mabomba mawili ya pazia viwe vya rangi ya dhahabu, ili vifuatane na sinia. Hesabu aliyonipa ilikaribia ada ya muhula. Hapo ndipo nilipojiuliza: nani alisema lazima vifanane?

Wazee wetu hawakusema. Utazame mlango wa kale wa Mji Mkongwe, Zanzibar: mbao nzito, vichwa vya misumari vya shaba vinavyong'aa, na hapo hapo mnyororo wa chuma cheusi wa kufungia. Hakuna anayepita akasema mlango ule haukupangika.

Kuchanganya kunataka mpango kidogo tu. Kwanza, chagua kiongozi. Angalia vitu ambavyo hutavibadilisha leo wala kesho: fremu za alumini za madirisha, vitasa, bawaba. Rangi iliyo nyingi hapo ndiyo kiongozi wa chumba. Rangi nyingine ni wageni, na kwa chumba kimoja wageni wawili wanatosha.

Pili, mgeni asikae peke yake. Kitu kimoja cha shaba katikati ya vitu vya fedha huonekana kama kimesahauliwa pale. Vikiwa viwili au vitatu, kimoja ukutani, kingine mezani, kingine kwenye kabati, macho yanaelewa kwamba umekusudia.

Tatu, kazi moja, rangi moja. Vitasa vya korido moja vifanane. Vishikio vya kabati la jikoni vifanane. Uchanganye kati ya kundi na kundi, usichanganye ndani ya kundi.

Nne, jihadhari na rangi zinazokaribiana bila kulingana. Dhahabu ya dukani inayong'aa sana ikikaa jirani na shaba ya zamani iliyofifia, zote mbili zinaharibika. Afadhali tofauti iwe wazi: shaba na fedha, au shaba na nyeusi isiyong'aa. Nyeusi hukaa vizuri na karibu kila rangi.

Hayo ni ya macho. Bafuni, au kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, kuna jambo jingine. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye unyevu na chumvi, moja huliwa na kutu haraka kuliko kama ingekuwa peke yake. Fundi akifunga kitu cha alumini kwa skrubu za shaba au za chuma cha kawaida, mwulize kama ana za stenlesi, na aweke kipande cha plastiki katikati visigusane.

Ukienda dukani, beba sumaku ndogo. Ukiambiwa kitu ni shaba tupu na sumaku ikanasa, ndani ni chuma kilichopakwa rangi tu. Si lazima ukiache, ila usikilipie bei ya shaba.

Shaba halisi iliyopauka husuguliwa kwa limau na chumvi, au kwa ukwaju, kisha ikasuuzwa na kukaushwa vizuri. Usijaribu hivyo kwenye kitu kilichopakwa rangi ya dhahabu, rangi itatoka. Na wenye watoto wadogo tukumbuke kwamba shaba ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Sinia la bibi libaki pambo, lisiandaliwe embe na malimau, na mtoto wa miezi tisa asipewe kulinyonya. Dele ambalo bati la ndani limeisha, nalo lipumzike.

Kwangu, vitasa havikuguswa na ada ililipwa. Sinia liko ukutani juu ya meza ya chakula, dele liko kwenye rafu, na chetezo kidogo cha shaba nilichokuwa nacho siku zote kimetoka chumbani kimekuja sebuleni. Kioo chenye fremu ya fedha kimebaki pale pale. Nilitumia kamba, msumari mmoja na saa moja ya Jumapili.

Nikampiga picha mama nikamtumia kwenye simu. Nilitegemea asifie. Akauliza swali moja tu: "Nani analisugua?"

Sasa ni kazi ya kijana wangu wa darasa la tano, Jumamosi moja kila mwezi. Siku hiyo humpigia bibi yake simu, naye humwelekeza kona ambazo hajazifikia.