Kitabu Nilichokifunika kwa Gazeti

Riwaya ya Sophie Kinsella, Can You Keep a Secret?, iliyotoka mwaka 2003, niliisoma nikiwa nimeifunika kwa gazeti. Mimi, niliyefundisha fasihi miaka mingi, niliona haya kukutwa na kitabu cha mapenzi na vichekesho. Leo naionea haya ile haya yenyewe.

Wapo wenzangu wasemao kwamba vitabu vya namna hii ni takataka za kupitishia muda. Hebu tukitazame hiki. Emma Corrigan, mfanyakazi wa ngazi ya chini, yumo katika ndege itokayo Glasgow kwenda London. Ndege inayumba, naye, akidhani ajali yake imefika, anamwaga siri zake zote kwa abiria wa kando: alama ya hisabati aliyoidanganya ili apate kazi, uzito wa mwili anaoupunguza kwa maneno, maji ya machungwa anayommwagia mwenzake kwenye mmea wake ofisini. Ndege inatua salama. Kisha yule abiria anatokea kazini kwake. Kumbe ni Jack Harper, mmoja wa waanzilishi wa kampuni!

Tunacheka, na katika kucheka tunanaswa. Wawili hawa wanapendana, lakini Jack anamjua Emma nje na ndani, ilhali Emma hajui lolote la Jack. Siku moja Jack anahojiwa kwenye televisheni, anamweleza msichana wa kawaida, na siri za Emma zinatoka moja baada ya nyingine, wenzake wa ofisini wakitazama. Je, alikusudia ubaya? La hasha. Mwenye nguvu hahitaji kukusudia ili aumize.

Hapo niliacha kucheka. Marehemu mume wangu aliijua kila senti ya mshahara wangu. Wake sikuujua kwa miaka 11. Nilipouliza, niliambiwa mke mwema haulizi. Hakunipiga wala hakunitukana, alinificha tu. Riwaya nzito nilizofundisha, zenye wakoloni na mabepari, hazikuniambia kwamba huo nao ni utawala. Kijitabu cha kuchekesha ndicho kilichoniambia.

Watanijibu kwamba mwisho wake ni mtamu mno: Jack naye anazifungua siri zake, wanapatana, na maishani mambo hayawi hivyo. Kweli, hayawi. Lakini tukidharau kila kitabu kinachoonyesha yanavyopaswa kuwa, binti zetu watajifunza wapi kudai? Kinsella hamwachi Emma aridhike na kuombwa radhi tu; mizani hailingani mpaka mwanamume naye awe wazi.

Kuandika hivyo huku msomaji akicheka si kazi ndogo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Gazeti nimelitupa. Kitabu kiko mezani sebuleni, na jalada lake linaonekana.