Mlima Usifiche Bonde

Grafu ya sura ya nchi yenye vipimo vitatu, ichorwayo na kompyuta, hupendeza macho, lakini huficha mengi. Mlima Rungwe, wenye kimo cha mita 2,960 hivi, ukitazamwa kutoka kaskazini huweza kuliziba bonde la Kyela. Na Iringa huonekana kana kwamba umekaa tambarare, ilhali chini ya mji huo hupita Mto Ruaha Mdogo. Haifai mwanafunzi apewe picha hiyo pasipo mstari wa mkato uliotupwa kama kivuli juu ya ukuta wa grafu, ambapo vimo husomeka. Skeli nayo iangaliwe: kimo kikikuzwa mara tano, mteremko wa kwenda Ziwa Nyasa hugeuka genge. Mwalimu na aanze kwa ramani ya 1:50,000, penseli na ukanda wa karatasi, kompyuta ifuate.