Kipya Kinyemi, Lakini Fedha ni ya Umma

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa programu endeshi ya Windows 10. Tangu siku hiyo ofisi na shule nyingi zimejikuta na kompyuta zinazofanya kazi lakini zinazoitwa kuukuu. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 na kuendelea, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Swali lililo mbele ya kila mkuu wa idara na kila mwalimu mkuu ni hili: je, vibadilishwe vifaa vilivyochoka, au inunuliwe kompyuta nyingine?

Jibu jepesi ni kuagiza mpya, maana kipya kinyemi. Lakini Tanzania ina historia isiyofaa kusahauliwa. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya taabu na hasara zilizotokana na mitambo ya hesabu, Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, na ilistahili kuondolewa, kwa kuwa nchi haiendelei kwa kuogopa mitambo. Hata hivyo funzo lake limebaki: mtambo unaoagizwa kabla ya kupimwa kazi utakayoifanya huwa mzigo, hata uwe mpya namna gani.

Hapana budi kwanza kutambua ugonjwa. Kompyuta inayokawia kuwaka si lazima iwe imezeeka yote. Mara nyingi kinachochelewesha ni diski ya zamani, ambayo sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na zipo zinazofungwa katika plagi ileile ya diski ya zamani. Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 ikiongezewa ifike GB 8, ikapewa na SSD, huweza kuandika barua, kujaza majedwali na kuandaa mitihani kwa miaka kadhaa zaidi, kwa sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya. Pengine hata hayo hayahitajiki: feni iliyojaa vumbi huifanya prosesa ipate joto na kupunguza mwendo, na dawa yake ni brashi.

Lakini kukarabati nako kuna mpaka. Prosesa yenyewe ikiwa dhaifu, mara nyingi prosesa mpya haikai katika bodi ya zamani. Nayo bodi mpya haipokei kumbukumbu za zamani za DDR3. Aliyeanza na kifaa kimoja hujikuta amenunua kompyuta nzima kwa vipande, tena kwa bei ya rejareja. Kuendelea kutia viraka hapo si kubana matumizi, bali ni ubadhirifu.

Lipo pia suala la usalama. Mashine yenye majalada ya watumishi au matokeo ya wanafunzi haifai kuachwa katika mtandao bila marekebisho. Kwa mashirika, Microsoft iliweka malipo ya dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza wa nyongeza, yanayopanda maradufu kila mwaka hadi wa tatu, ingawa taasisi za elimu zilipewa bei nafuu zaidi. Kulipa bila mpango wa baadaye ni kuahirisha uamuzi kwa gharama ya wananchi. Mashine isiyopokea Windows 11 yaweza kuwekewa Linux, ambayo aina zake nyingi hazina ada, na kutumika madarasani na maktaba, mradi programu za kazi zikubaliane nayo.

Wala kompyuta iliyotupwa haitoweki. Kwa taarifa ya Umoja wa Mataifa, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndani ya taka hizo mna risasi na zebaki. Na diski isiyofutwa hutoka na siri za ofisi.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba fedha, kila ofisi na kila shule iorodheshe mashine zake: umri, prosesa, kumbukumbu, diski na kazi inayofanywa. Inayoponyeka kwa kifaa kimoja au viwili iponywe. Isiyoponyeka ifutwe kwa taratibu za mali chakavu, na mpya inunuliwe bila kigugumizi. Kupanga ni kuchagua, na hakuna awezaye kuchagua vema kati ya vitu asivyovihesabu. Shilingi itakayookolewa kwa njia hiyo inangojewa na mwanafunzi asiye na dawati.