Fisi Halindi Bucha

Mnikasirikie tu, lakini kuweka rekodi za ukaguzi ndani ya databesi ileile inayokaguliwa ni kumpa fisi kazi ya kulinda bucha.

Mahali nilifanya kazi, salio la mteja lilibadilishwa usiku. Kufungua jedwali la ukaguzi, tupu! Mwenye nguvu za kubadilisha salio alikuwa pia na nguvu za kufuta ushahidi. Mpaka leo hatujui ni nani.

Na dawa ni ya bure, bana. Kwa PostgreSQL, weka pgaudit, iambie inase nini, kisha log_destination iwe syslog. Hapo rsyslog inatuma kila rekodi kwa seva nyingine. Tumia TCP, juu UDP hupoteza ujumbe kimyakimya. Na msimamizi wa databesi asipewe nywila ya hiyo seva. Hata akizima pgaudit, yaliyokwisha kutumwa hayafikii.

Wasimamizi mtasema hatuwaamini. Hebu fikirieni: siku pesa zikipotea, mshukiwa wa kwanza ni nyinyi. Hiyo logi msiyoweza kuigusa ndiyo wakili wenu.

Wewe kwenu zinakaa wapi?