Usiku Ulipovuliwa Libasi: Sheria, Darubini za Joto na Koyote wa Marekani

Katika semina yetu ya sera za umma muhula huu, mwanafunzi mmoja aliweka simu yake mbele yangu akaniomba nitazame video fupi kutoka Marekani. Uwanda ulikuwa wa kijivu, mbingu nyeusi, na katikati palikuwa na umbo jeupe la mnyama likija mbio. Lilisimama ghafla, likainua kichwa kana kwamba limesikia kitu. Risasi ikalia, umbo likaanguka, na damu yenye joto ikaonekana kama doa jeupe juu ya nyasi. “Mwalimu,” aliuliza, “kumbe sheria inaruhusu?” Nilimjibu kwamba katika majimbo mengi ya nchi ile inaruhusu. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikumtosha, na nilipofika nyumbani niligundua kwamba halikunitosha hata mimi.

Mnyama yule ni koyote, wa jamii ya mbwa, mkubwa kidogo kuliko bweha wetu na mdogo kuliko mbwa mwitu wa nchi za baridi. Mbwa mwitu walipoangamizwa katika sehemu kubwa ya Marekani, koyote alisambaa hadi akafika majimbo yote isipokuwa Hawaii. Leo anaishi hata ndani ya miji kama Chicago na Los Angeles. Sehemu ya siri ya kufaulu kwake ni kwamba ameuhamia usiku. Mahali anaposumbuliwa mchana, hujificha mpaka watu walale. Wahenga wa pwani walinena kwamba usiku ni libasi bora, na koyote ni miongoni mwa viumbe walioivaa libasi hiyo vyema kabisa.

Darubini za siku hizi zimemvua. Zipo za aina mbili. Ya kwanza hukusanya mwanga hafifu wa mwezi na nyota na kuuzidisha mara maelfu. Ya pili, darubini ya joto, haihitaji mwanga wowote: husoma miale ya infraredi inayotoka katika kila mwili wenye joto na kumchora mnyama kama kaa la moto gizani. Mwindaji huifunga juu ya bunduki, huweka shambani kipaza sauti kinachotoa kilio cha sungura aliyejeruhiwa, kisha hungoja. Koyote huja akidhani amepata chakula.

Vifaa hivi vilizaliwa vitani. Mwaka 1945 askari wa Marekani walitumia bunduki zenye darubini za infraredi katika kisiwa cha Okinawa. Katika vita vya Vietnam walitumia darubini za kukuza mwanga wa nyota. Kitambuzi kidogo cha joto kisichohitaji kupoozwa, ambacho ndicho moyo wa darubini nyingi za joto zinazouzwa leo, kilibuniwa na kampuni ya Honeywell kwa fedha za Wizara ya Ulinzi, na siri yake ikafunguliwa mwaka 1992. Tangu hapo bei imeshuka na soko limepanuka, hata jicho lililotengenezwa kumwona adui likaingia mikononi mwa raia anayetafuta burudani ya mwisho wa juma.

Sheria za majimbo zimeupokea ugeni huu kwa namna tofauti. Texas huruhusu koyote awindwe mwaka mzima, mchana na usiku, katika ardhi ya watu binafsi. Kansas ilifungua mlango mwaka 2021, lakini kwa kibali maalumu na kwa miezi mitatu tu, kuanzia Januari 1 hadi Machi 31. Utah, tangu mwaka 2012, humlipa mwindaji dola 50 kwa kila koyote, kwa hoja ya kuwalinda kulungu. California imekataza vifaa hivyo katika uwindaji, na mwaka 2014 ikawa jimbo la kwanza kupiga marufuku zawadi katika mashindano ya kuua koyote. Nchi ni moja, mnyama ni mmoja, lakini hakuna mwafaka juu ya nini kiruhusiwe na nini kikatazwe.

Tumtendee haki mfugaji kabla ya kumhukumu. Koyote huua wana-kondoo na ndama, na mfugaji mdogo anayekuta mizoga mitatu alfajiri moja hawezi kuridhishwa na mahubiri ya mhadhiri aliyeketi kwenye kivuli. Tena watetezi wa darubini za joto wana hoja yenye uzito: mtu anayeona vizuri hulenga vizuri, na mnyama anayekufa kwa risasi moja ana nafuu kuliko anayekufa kwa sumu au mtegoni. Sumu ilitumiwa kwa miongo mingi, hadi Rais Nixon alipoizuia katika ardhi ya serikali kuu mwaka 1972. Anayeilaani darubini sharti akumbuke kilichoitangulia.

Lakini hoja ya mfugaji inadai ushahidi kwamba dawa hii inatibu ugonjwa wake. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti wanyama waharibifu mwaka 1931, na mpaka leo idara ya Wizara ya Kilimo iitwayo Wildlife Services huua makumi ya maelfu ya koyote kila mwaka, mbali na wale wanaouawa na watu binafsi. Matokeo yake ni koyote aliyeenea kuliko alivyokuwa kabla ya kampeni hizo. Mwaka 1975 watafiti Connolly na Longhurst wa Chuo Kikuu cha California walikokotoa kwamba hata kama asilimia 75 ya koyote wangeuawa kila mwaka, ingechukua zaidi ya miaka 50 kuwamaliza. Sababu yake inaeleweka. Kundi linapopunguzwa, waliosalia hupata chakula kingi, majike huzaa watoto wengi zaidi, na koyote wageni huhamia katika eneo lililoachwa wazi. Kumlenga koyote mmoja aliyezoea kuua kondoo ni jambo moja; kumfyatulia risasi yeyote anayeng’aa kwenye kioo ni jambo jingine.

Hapa ndipo ninapoona kasoro ambayo watumishi wa umma wanapaswa kuitafakari. Serikali inayolipa kwa mzoga huhesabu mizoga. Mwisho wa mwaka inayo tarakimu ya kupeleka bungeni, nayo tarakimu hiyo haisemi lolote juu ya wana-kondoo wangapi wamesalimika. Tunaujua ugonjwa huu hata katika ofisi zetu: semina zilizofanyika, vipeperushi vilivyogawiwa, watu waliokamatwa. Kazi hupimwa kwa jasho lililotoka, na tatizo hubaki palepale.

Kasoro ya pili ni ya utambuzi. Darubini ya joto humwonyesha mwindaji kwamba kuna kiumbe. Haimwambii daima ni kiumbe gani. Rangi haipo, na kwa mbali umbo la koyote, mbwa wa jirani na mbwa mwitu hukaribiana mno. Hatari ya kufananisha gizani imekwisha kufikishwa mahakamani. Mwaka 2012 tume ya wanyamapori ya North Carolina iliruhusu koyote wawindwe usiku kwa taa, hata katika kaunti tano ambazo ni makao ya mbwa mwitu wekundu, wanyama waliokuwa wamebaki mia moja hivi tu porini. Mbwa mwitu hao hufanana na koyote, na risasi zilikuwa zikiwaua hata mchana. Watetezi wao walikwenda mahakamani, na mwezi Mei 2014 jaji wa mahakama ya shirikisho alisimamisha uwindaji wote wa koyote katika kaunti hizo. Tume ilikuwa imetoa ruhusa kwanza, na madhara yakaachiwa mahakama kuyaona.

Mila ya wawindaji wa Marekani wenyewe ina la kusema. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoasisiwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, ilishika kanuni kwamba mnyama apewe nafasi ya haki ya kuponyoka. Roosevelt huyohuyo ndiye aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 na kuua mamia ya wanyama wetu, kwa hiyo simtaji kama mtakatifu. Namtaja kwa sababu hata mtu wa kiu ile ya kuwinda alikiri kwamba uwezo wa kuua unahitaji mpaka. Kwa karne nyingi mpaka mmojawapo uliwekwa na giza lenyewe: jua lilipozama mwindaji alirudi nyumbani, na hapakuwa na haja ya kuandika kifungu cha sheria. Teknolojia imeuondoa mpaka huo. Sheria isipoweka mwingine mahali pake, soko ndilo litakaloamua.

Nchi jirani zinatuonyesha kwamba chombo chenyewe hakina hatia. Tangu mwaka 2016 walinzi wa Maasai Mara wametumia kamera za joto kuwatafuta majangili usiku. Jicho lilelile linalomvua koyote libasi yake huko Texas linamvua jangili ya kwake hapa. Na Richard Turere, kijana wa Kimaasai kutoka Kitengela, alibuni taa za kumetameta kuzunguka boma la ng’ombe, simba wakaogopa kusogea na hakuna aliyelazimika kuwaua. Marin, kaunti ya California, ilikwisha fuata njia inayokaribiana na hiyo: mwaka 2000 iliachana na huduma ya Wildlife Services, kisha ikawasaidia wafugaji kwa uzio, mbwa wa ulinzi na mazizi bora.

Sipendekezi kwamba kila darubini ivunjwe. Napendekeza kwamba ruhusa ya kuwinda usiku itolewe kwa mfugaji aliyethibitisha hasara, katika ardhi yake, kwa muda maalumu. Isitolewe kamwe mahali anapoishi mnyama adimu anayefanana na anayewindwa. Na fedha zinazolipwa kwa mizoga zihamishiwe kwenye uzio na mazizi. Mafanikio yapimwe kwa wana-kondoo walio hai.

Nitamrudia mwanafunzi wangu wiki ijayo. Nitamwambia kwamba swali lake lilikuwa la kwanza tu kati ya mawili. Sheria inaruhusu, naam. Je, aliyeiandika aliwahi kujiuliza inamlinda nani? Ninyi mtakaokalia meza za kuandika kanuni kesho, lichukueni swali hilo, kwa maana vifaa hivi haviko mbali nasi, na bweha wetu naye hutembea usiku.