Lango Kati ya PHP na Lugha ya C

Vijana wengi wanaojifunza kutunga programu huanza kwa lugha ya PHP, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994, na ambayo hadi leo huendesha sehemu kubwa ya kurasa za intaneti. Haupiti muda mrefu kabla hawajaambiwa kwamba lugha hiyo ni nzito, na kwamba mwenye haraka sharti aandike kwa C. Tangu toleo la 7.4, lililotolewa Novemba 2019, PHP imekuwa na lango liitwalo FFI, ambalo huiwezesha kuziita moja kwa moja taratibu za C zilizokwisha kutafsiriwa katika lugha ya mashine. Kwa maoni yangu, lango hili husifiwa kwa sababu isiyo yake.

Programu ya PHP huendeshwa na programu nyingine, mfano wa mkalimani, ambayo huisimamia muda wote: hufuta katika kumbukumbu vitu visivyotumika tena, na mtu akiomba kitu kisichomo katika orodha, humwonya. C haina msimamizi wa namna hiyo. Mtunzi huieleza PHP jina la maktaba, jina la utaratibu, na aina ya kila kinachopelekwa na kinachorudishwa. Akikosea aina moja, pengine programu nzima itaanguka papo hapo. Pengine, na hili ndilo baya zaidi, itaendelea na kutoa jibu la uongo.

Na kasi je? Mwongozo rasmi wa PHP wenyewe hukiri kwamba kuzifikia data za C kupitia FFI huchukua takribani mara 2 ya muda wa kuzifikia safu za kawaida za PHP, na kwamba lango halifai kutumiwa kwa kutafuta kasi, ingawa laweza kupunguza matumizi ya kumbukumbu. Sababu yaeleweka: namba ya PHP hubeba kitambulisho cha aina yake, ilhali C hutaka namba tupu, hivyo kila mvuko una ushuru wake. Avukaye mto mara milioni moja kuchota kikombe kimoja kimoja asishangae jua likichwa. Walimu wawape wanafunzi zoezi hili wapime wenyewe kwa saa: utaratibu mdogo ulioitwa mara nyingi, na utaratibu mkubwa ulioitwa mara moja. Huo wa pili waweza kweli kufaidika.

Manufaa halisi ya lango ni kuzifikia maktaba za C ambazo PHP haina kiungo nazo, pasipo kuandika kiungo kizima kwa C. Hilo si jambo dogo.

Lakini tukumbuke Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL, iliyoandikwa kwa C. Ombi moja lililodanganya urefu wake liliweza kuifanya seva itoe hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, pengine pamoja na maneno ya siri ya watu. Kilichokosekana ni ukaguzi mmoja wa urefu.

Ndiyo maana, kwa kawaida, PHP huliacha lango wazi kwa programu zinazoendeshwa kwa amri na kwa mafaili yaliyopakiwa mapema tu, si kwa kila ukurasa. Mpangilio huo hubadilishwa kwa neno moja. Mwanafunzi akiona ushauri wa kulibadilisha, amwulize kwanza mshauri: mvamizi akipata nafasi ya kuingiza mstari mmoja wa PHP katika seva hii, nini kitamzuia asiziite taratibu za mfumo wenyewe?