Safari ndefu ya ndege: Familia ihesabu saa za kukaa, si kilomita pekee

Mtoto aliyeko Marekani anapomtumia mama yake tiketi akamwone mjukuu, maandalizi huwa ya viza, mizigo na sweta. Ni nadra familia kuuliza miguu ya mama itavumilia vipi kukaa kitini saa 15.

Huo ndio muda wa safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018. Umbali ni takriban kilomita 11,800. Kurudi huchukua kama saa 14, kwa kuwa upepo wa angani katika njia hiyo huvuma zaidi kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Saa ya ukutani huuficha urefu huo. Ndege ikiondoka Nairobi saa 6 usiku, hutua New York saa 1 au saa 2 asubuhi, kwa sababu mji huo uko nyuma kwa saa 7 au 8 kulingana na majira. Kwenye tiketi, mama ameondoka usiku na kufika asubuhi, kama aliyepanda basi la usiku kwenda Mombasa.

Mwili hauhesabu hivyo. Mtu anapokaa bila kujongea, misuli ya vigimbi haisukumi damu vizuri kurudi kwenye moyo. Damu inaweza kuganda ndani ya mishipa ya mguu, na bonge likifika kwenye mapafu linaweza kuua. Matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2007 yalionyesha kuwa hatari hiyo huongezeka takriban maradufu kwa safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, gari au treni.

Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo, takriban mmoja kati ya 6,000. Huwa kubwa zaidi kwa aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mgonjwa wa saratani, mjamzito au aliyejifungua hivi karibuni. Hao wamwone daktari kabla ya safari, wala wasijiandikie aspirini.

Wengine wote inawafaa kuinuka na kutembea kila baada ya muda, kuchezesha vifundo vya miguu wakiwa wameketi, kunywa maji na kuepuka pombe.

Dawa nazo zina hesabu yake. Kidonge kinachomezwa saa 3 usiku Nairobi kila siku, saa 24 zake hutimia New York saa 7 au saa 8 mchana. Anayetumia insulini apangiwe ratiba na daktari mapema, na aibebe kwenye mkoba wa mkononi, kwani inaweza kuganda kwa baridi kwenye sehemu ya mizigo.

Jukumu lililobaki ni la mwenyeji. Dalili zinaweza kujitokeza siku au hata wiki kadhaa baada ya kutua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiitwe uchovu wa safari. Mgeni apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akibanwa na pumzi au kuumwa kifua, gari la wagonjwa liitwe mara moja.